Barua ya wazi: Kila mnyama wa bustani aandikwe, na maandishi yake yatufae miaka hamsini ijayo

Kwa:
Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA),
Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI),
Wamiliki wote wa bustani, mashamba na vituo vya kulelea wanyamapori.

YAH: KUMBUKUMBU ZA WANYAMA WALIO KATIKA UANGALIZI WA BINADAMU

Waheshimiwa,

Kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya walishushwa Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria, katika kazi iliyoongozwa na Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani. Walizaana, na wajukuu zao wamo msituni humo hadi leo. Maandishi yaliyofuatana nao yalikuwa haba mno: nani alikamatwa upande gani wa Afrika, ana umri gani, aliwahi kuugua nini. Leo anayetaka kujua asili ya kundi lile analazimika kuokota vinyesi msituni na kuvipeleka maabara kupimwa vinasaba. Jibu hilo lingeweza kutolewa na mstari mmoja wa wino ulioandikwa siku mnyama alipokamatwa.

Sisi tunaowaandikia ni watunza kumbukumbu, madaktari wa wanyama na watafiti. Ombi letu ni hili: leseni ya kufuga mnyamapori iende pamoja na wajibu wa kumwandika kila mnyama, kwa utaratibu mmoja nchi nzima, na maandishi hayo yaingie katika kanzidata inayoshirikiwa na bustani nyingine duniani.

Kanzidata ya namna hiyo ipo tayari. Ulysses Seal na Dale Makey waliianzisha Minnesota, Marekani, miaka ya 1970 kwa jina la ISIS. Tangu 2016 shirika linaloiendesha linaitwa Species360, na mfumo wake unajulikana kama ZIMS. Una kumbukumbu za wanyama zaidi ya milioni 10, walio hai na waliokwisha kufa, kutoka taasisi zaidi ya 1,200. Kila mnyama hupewa namba moja ya kimataifa. Akihama kutoka bustani moja kwenda nyingine namba ni ileile, na historia yake humfuata.

Kwa nini tusitosheke na idadi? Wenye bustani huandika kundi kwa tarakimu tatu. 3.5.2 maana yake ni madume matatu, majike matano na wawili ambao jinsia yao haijajulikana. Maandishi hayo yanafaa kupangia chakula. Ila mwaka huu ukisoma 3.5.2 na mwakani tena 3.5.2, huwezi kujua kama hakuna lililotokea, au kama majike wawili walikufa na wengine wawili wakaletwa kujaza nafasi. Anayesoma maisha ya spishi anatafuta hasa yale matukio yaliyomezwa na jumla.

Matunda ya kuandika mmojammoja yameonekana. Mwaka 1979 Katherine Ralls na wenzake wawili walikusanya kumbukumbu za vizazi na vifo vya wanyama wenye kwato waliofugwa, wakalinganisha watoto wa wazazi wenye udugu na watoto wa wazazi wasio na udugu. Katika spishi 15 kati ya 16, watoto wa ndugu walikufa wangali wachanga kwa wingi zaidi. Hakuna jaribio lililofanywa, wala mnyama aliyeguswa. Data zilikuwa zimekaa kwenye leja kwa miaka zikisubiri mtu wa kuzisoma. Leo mipango ya uzalishaji hupanga kila ndoa ya wanyama kwa kitabu cha ukoo, na lengo linalotumika sana ni kubakiza asilimia 90 ya utofauti wa vinasaba vya waasisi, yaani wanyama walioanzisha kundi, kwa miaka 100.

Kumbukumbu zilizo wazi huweza pia kumsuta aliyeziandika, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzitaka. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za tembo zaidi ya 4,500. Umri wa kati wa kufa wa tembo majike wa Afrika waliozaliwa katika bustani za Ulaya ulikuwa miaka 16.9. Kwa majike wa Amboseli, Kenya, ulikuwa miaka 56 wakihesabiwa waliokufa kifo cha asili, na miaka 35.9 hata walipojumlishwa waliouawa na watu. Bustani ziliumia kwa takwimu hizo, lakini bila maandishi yao wenyewe kasoro isingeonekana wala kushughulikiwa. Mambo hayako hivyo kwa kila mnyama: utafiti wa 2016 uliolinganisha mamalia wa spishi 59 ulikuta kwamba asilimia 84 ya spishi huishi muda mrefu zaidi bustanini kuliko porini. Pasipo kumbukumbu, kila upande ungebaki na imani yake.

Na pengo la maarifa ni kubwa. Mwaka 2019 watafiti walipitia spishi zaidi ya 32,000 za mamalia, ndege, reptilia na amfibia. Spishi zenye takwimu kamili za kuzaa na kufa kwa umri zilikuwa asilimia 1.3 tu. Walipoongeza data za bustani, hesabu hiyo ilipanda karibu mara nane. Hizo ndizo takwimu anazozihitaji mtu wa TAWIRI anapokokotoa kama kundi la wanyama 60 litadumu au litatoweka: jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, hukaa muda gani kati ya uzazi na uzazi, wangapi hufikia mwaka wa kwanza, wangapi hufikia uzee.

Sasa tuseme yanakoharibikia, maana mfumo unaweza kununuliwa wiki hii na data zikabaki hazifai.

Kosa la kwanza ni letu sisi Waswahili, nalo ni saa. Mtunza wanyama anaandika "amezaa saa 2 asubuhi". Mwingiza data anaweka 02:00 kwenye kompyuta, na tayari saa sita zimepotea. Tarehe nayo ina mtego wake: "usiku wa kuamkia Jumatano" kwa mmoja ni Jumanne, kwa mwingine ni Jumatano. Kisha kuna 3/4/2019, ambayo yaweza kuwa Aprili au Machi kulingana na kompyuta ilivyopangwa. Dawa yake ni rahisi: kwenye fomu mwezi uandikwe kwa herufi, saa iandikwe kwa mtindo wa 24, na kizazi cha usiku kipewe tarehe ya kalenda inayobadilika saa 00:00. Pale tarehe isipojulikana, isibuniwe. Iandikwe "kati ya tarehe fulani na fulani", na ZIMS inaruhusu hivyo. Faru dume aliyeitwa Sudan, aliyekufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018, alikamatwa porini akiwa mtoto, kwa hiyo mwaka wake wa kuzaliwa, 1973, ni makisio. Fatu, mjukuu wake, alizaliwa bustanini Dvůr Králové, Cheki, mwaka 2000, na siku yake inajulikana. Kumbukumbu nzuri humwonyesha msomaji tofauti hiyo, ili makisio yasigeuke hakika kwa kunakiliwa mara kumi.

Kosa la pili linaharibu utafiti kuliko yote: watoto wanaokufa siku ileile. Mtunza anakuta mzoga mdogo alfajiri, anautoa, anasafisha banda, na kwa kuwa idadi ya jana na ya leo ni ileile, haandiki kitu. Chukulieni ndama 10. Watatu wanazaliwa wafu au wanakufa siku ya kwanza bila kuandikwa. Saba wanaandikwa, na mmoja wao anakufa kabla ya mwaka. Leja itasema amekufa 1 kati ya 7, yaani asilimia 14. Ukweli ni 4 kati ya 10, asilimia 40. Mtafiti atakayeisoma leja ile baada ya miaka thelathini atashauri kundi dogo lirudishwe porini akiamini linaweza kujiongeza, kumbe haliwezi. Kila aliyezaliwa apewe namba, hata kama hakuvuta pumzi.

La tatu ni mnyama aliyeondoka. Akiuzwa au kupelekwa kituo kisicho na mfumo, wengi humfuta, au humwandika "hayupo". Mtaalamu wa takwimu haombi mnyama huyo afuatiliwe milele. Anaomba tarehe ya mwisho alipoonekana hai. Akipata hiyo, hesabu itamchukua kama aliyeishi angalau mpaka siku ile, kisha ikome hapo. Akikosa, mnyama ataonekana amekufa mapema, au ataonekana bado yu hai akiwa na miaka 70. Kwa hiyo maneno manne yatenganishwe kila mara: amekufa, amehamishwa, ametoroka, ameachiwa porini.

La nne ni wazazi. Mnyama aliyeokotwa shambani na raia akaletwa kituoni, wazazi wake ni wa porini, na iandikwe hivyo. Lakini aliyezaliwa katika kizimba cha mtu mwingine na kufika bila karatasi hana wazazi wa porini. Ana wazazi wasiojulikana. Akiandikwa "porini", programu ya kukokotoa ukoo kama PMx itamhesabu kuwa mwasisi mwenye damu mpya, na itapendekeza azalishwe haraka na mara nyingi. Kumbe huenda ni mtoto wa baba mmoja na nusu ya kundi. Watoto wa baba mmoja wakipandana, kiwango cha udugu cha mtoto wao, kinachopimwa kutoka 0 hadi 1, ni 0.125; wa baba na mama mmoja, 0.25. Neno moja lililoandikwa vibaya mlangoni linatosha kuvuruga vizazi vitatu. Ikiwa madume wawili walikaa na jike, waandikwe wote wawili kama baba wanaowezekana, asichaguliwe mmoja kwa kuwa ndiye mkubwa.

Utambulisho hauna mengi, ila una nidhamu yake. Chipu ya utambulisho inayochomwa chini ya ngozi, ya kiwango cha kimataifa cha ISO, ina namba ya tarakimu 15, na mkono hukosea ukizinakili. Bandikeni kwenye daftari stika inayokuja na sindano yake, msome chipu kabla ya kuichoma na baada ya kuichoma, na mwandike imewekwa upande gani wa mwili. Hereni hukatika, kwa hiyo mnyama awe na alama mbili, au hereni pamoja na picha ya ubavu wa kushoto na wa kulia. Na namba ya mnyama aliyekufa isirithiwe na mwingine, hata kama hereni yake bado ni nzima.

Majina nayo. "Swala" ameletwa: swala pala, swala tomi au swala granti? Jina la kisayansi likae kando ya la Kiswahili, na mahali alipotoka pawepo kwa kijiji na wilaya, si mkoa tu. Twiga wanatuonyesha sababu. Kwa miongo mingi wote walihesabiwa spishi moja. Mwaka 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ilitambua spishi nne. Twiga aliyeandikwa "twiga, Kenya" hatuwezi kumpanga, kwa maana nchi hiyo ina spishi tatu kati ya hizo. Aliyeandikwa na jina la mahali na kupigwa picha ya ubavu, tunampanga leo hata kama alikufa zamani.

Kuna wanyama ambao huwezi kuwatia chipu, na hapa mfano uko nyumbani. Chura wa Kihansi, ambaye duniani kote alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya korongo la Kihansi, Udzungwa, aligunduliwa 1996. Maji yalipochepushwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yalikatika. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na mwaka 2003 wale wa korongoni waliporomoka ghafla. Kuvu ya ngozi iitwayo kitridi ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 IUCN ilimtangaza kuwa ametoweka porini. Huko ugenini nako hali ilikuwa mbaya: mwaka 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70. Walipona pale mahitaji yao ya mazingira yalipoeleweka, bustani za Bronx na Toledo, Marekani, zikawazalisha kwa maelfu, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Chura huyu mzima hafiki sentimita 3. Huzaa watoto hai wenye urefu wa milimita 5 hivi, na mtoto akifa huoza na kupotea kwenye ukoka kabla ya jioni. Hapo huandikwa kundi, tanki kwa tanki. Kundi linaandikika vizuri au vibaya. Tanki lilikuwa na vyura 40 mwezi uliopita na sasa lina 45. Inawezekana walizaliwa 5 na hakufa hata mmoja. Inawezekana pia walizaliwa 25 wakafa 20, na hiyo ni dalili ya ugonjwa, au ya taa isiyo na mionzi inayotakiwa. Kwa hiyo kila siku yaandikwe mafungu mawili, waliozaliwa walioonekana na mizoga iliyotolewa. Kila wiki ifanyike hesabu kamili. Na tofauti kati ya hesabu na maandishi ibaki imeandikwa kama "haijulikani", isifichwe kwa kurekebisha namba ya jana. Tanki likigawanywa, matanki yote mawili yaandikwe yametoka wapi. Usipofanya hivyo huwezi kujua baadaye ni tanki lipi lililopitisha maradhi.

Kwa afya tunataja jambo moja tu. Faru weusi walioko bustanini hukusanya madini ya chuma mwilini kupita kiasi, na jambo hilo lilieleweka kwa kulinganisha vipimo vya damu vya wanyama wengi wa bustani nyingi; daktari mwenye faru wawili asingeweza kuliona peke yake. Tanzania ilipokea Mkomazi faru weusi kutoka Dvůr Králové mwaka 2009 na kutoka Port Lympne, Uingereza, mwaka 2012, wakiwa na nasaba zao kitabuni. Tuliofaidika na vitabu vya wengine tuna deni la kuandika vya kwetu kwa ubora uleule.

Kwa TAWA kuna faida ya karibu zaidi. Kobe bapa wa miambani, yule mwenye gamba lililolala kama chapati, aliingizwa mwaka 2019 katika Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Jike kwa kawaida hutaga yai moja kwa mtago. Mfugaji akisema majike yake 20 yametoa watoto 300 kwa mwaka, hesabu inakataa: hata kwa mitago minne ni mayai 80, na si yote yanayoanguliwa, kwa hiyo waliozidi huenda wameokotwa porini. Afisa mwenye takwimu hizo mezani anaweza kusimamisha shehena kabla haijatoka bandarini. Lakini takwimu za kumsaidia zinatoka kwa wafugaji walioandika kila yai.

Tunajua hofu iliyopo kwamba data zetu zitachukuliwa na wageni waandikie makala. Hofu hiyo ina msingi, na inatibika kwa maandishi. Mkataba wa kujiunga useme kwamba data zinabaki mali ya taasisi iliyozitoa, kila ombi la utafiti lipite TAWIRI, na mtafiti wa Kitanzania ashiriki tangu swali linapotungwa, asiitwe mwishoni kutia jina. Maeneo kamili ya faru na kobe bapa yafungwe; mtafiti wa umri wa kuishi hahitaji kujua banda liko wapi.

Hatuombi ghali. Kila kituo kinahitaji mtu mmoja ambaye kumbukumbu ndiyo kazi yake iliyotajwa kwenye ajira, daftari la jalada gumu lenye kurasa zenye namba, peni ya wino usiofutika, mizani, kisomaji cha chipu, na kompyuta moja. Mtunza wanyama aandike siku ileile kabla ya kutoka kazini, hata kama ni "hakuna tukio". Mtunza kumbukumbu aingize ndani ya siku saba. Kila mwezi watu wawili wazunguke na orodha wakimtazama kila mnyama kwa macho. Kosa likionekana, likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka chini yake, tarehe na saini ziwekwe kando. Intaneti ikikatika, Excel yenye safu zilezile za mfumo inatosha kwa muda, mradi nakala itoke nje ya jengo kila Ijumaa. Ada ya kujiunga na mfumo tunashauri ilipwe kwa pamoja na mamlaka, maana kituo chenye wanyama 30 hakitaibeba.

Lipo jambo moja lisiloweza kungoja bajeti, nalo ni daftari za zamani. Ziko makabatini na mabohari, na mchwa na unyevu wanazisoma kabla yetu. Simu ya kawaida inatosha: ukurasa mmoja picha moja, mchana, karibu na dirisha, daftari likiwa limelazwa, jina la faili likiwa na kituo, mwaka na namba ya ukurasa. Kuzinakili kwenye mfumo kuje baadaye, kwa kuanza na vizazi, vifo na uhamisho. Chakula na usafi vinaweza kusubiri. Tunaomba TAWA itoe waraka wa kazi hiyo mapema, ili picha ziwe zimekamilika kabla ya masika yajayo.

Wenu katika kazi,

Watunza kumbukumbu, madaktari wa wanyama na watafiti wa wanyamapori